Mzee wa Kamba za Akiba

Mimi sijawahi kwenda kuwinda. Kilima kirefu kuliko vyote nilichokipanda kwa hiari yangu ni ngazi za benki pale Kasese mjini, na hata hizo nilizipanda nimeshika ukuta. Lakini ukiniuliza mtu wa upinde abebe nini anapoondoka nyumbani kwa siku nne, nitakujibu bila kukohoa. Kwa miaka mingi nimekuwa fundi cherehani wa mtu aliyebeba vyote, na fundi akishona mfuko ni lazima aulize utawekwa nini.

Wawindaji wenzake walimwita Stoo, na sisi majirani zake wa hapa Bwera tukafuata. Hilo lilikuwa jina la nyuma ya mgongo. Usoni tulimwita Mzee. Jina la kanisani alikuwa nalo, na la ukoo pia, lakini katika mtaa wetu sijasikia mtu aliyewahi kuyahitaji.

Kundi lao lilikuwa la wanaume saba. Usije ukafikiri walikuwa majangili. Waliitwa na sabukaunti, ofisi ya serikali ya huko, kwa barua yenye muhuri, pale nguruwe mwitu walipoteremka kutoka msituni na kuchimba mihogo ya watu kule juu ya Kitswamba. Barua ilisema pinde na mikuki tu, na ilisema mwisho wao ni mawe ya mpaka wa hifadhi. Walidandia lori hadi Kasese, wakashika barabara ya Fort Portal mpaka njia panda, kisha miguu ikaanza. Juu huko walilala kwenye vibanda vya majani, mbali na duka, mbali na fundi. Kitu kikikatika, kimekatika. Hapo ndipo Stoo alipokuwa na kazi: alibeba vya akiba vya watu wote.

Nami nitasema mapema kitu alichokitaka, ili nisikuzungushe. Alitaka kimoja tu: kundi likipanda, naye apande. Na kundi lilikuwa na sheria. Jumapili kabla ya safari walikusanyika shambani kwa kiongozi wao, mwanajeshi mstaafu ambaye sote tulimwita Afande, na kila mtu akapiga mshale mmoja kwenye mgomba kutoka hatua arobaini. Mshale ukizama, unapanda. Ukianguka njiani, "unabaki na Fundi". Ndivyo walivyosema, mbele yangu, wakicheka. Mimi nilikuwa ndiyo adhabu.

Begi lake lilikuwa la turubai ya kijani iliyotoka kwenye lori la jeshi, kwa njia ambayo sikuuliza. Lilipofika kwangu mara ya kwanza lilikuwa na mifuko miwili. Kufikia mwisho lilikuwa na kumi na mmoja, na kila mmoja tuliugombania.

"Fundi, weka mufuko hapa."

"Mzee, hapa kuna mfuko tayari."

"Hiyo iko ya nta. Nta haikai na manyoya. Ukiweka nta na manyoya pamoja, ukifika juu ya mulima unafungua unakuta kuku."

"Na huu?"

"Vichwa vya mishale. Shona mara tatu. Kichwa ya mushale inatafuta njia ya kutoka, halafu njia yenyewe ni mugongo wangu."

Kwa hiyo nilijua. Nta ya nyuki kando, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Manyoya ya kanga ndani ya gazeti, si ya kuku, kwa sababu ya kuku yakinyeshewa yanakata tamaa. Vipande vya mpira wa baiskeli vya kufungia chochote kilichopasuka, mpaka na kiatu cha Afande safari moja. Wembe, sindano mbili, uzi mwekundu. Na katikati, kwenye mfuko mrefu niliouwekea bitana ya shuka la mke wangu (akaja akalitafuta wiki mbili), kamba za pinde.

Hizo kamba alizisokota mwenyewe kwa nyuzi za magunia ya saruji. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi kiwandani Hima, nami nikakulia kwenye lile vumbi mpaka nikamaliza Sinia Foo, yaani kidato cha nne, kwa hiyo nilidhani gunia la saruji nalijua. Sikulijua. Stoo alilifumua kama mtu anayefumua nywele za bibi harusi, uzi mmoja mmoja, akaupaka nta, akausokotea pajani mpaka paja likang'aa. Kamba ikawa ngumu, nyembamba, nzuri ya kutazama. Mimi ningeikunja hapo hapo nikaiweka begini, nikaomba chai.

Kwake kazi ilikuwa bado haijaanza.

"Kamba mupya ni muongo," aliniambia. "Leo iko fupi, kesho iko ndefu. Upinde unalala. Unapiga, mushale inaanguka mbele ya nguruwe, na nguruwe anakuangalia na huruma."

Basi aliazima upinde wa mwenye kamba, akaifunga kamba ile ya akiba, akaivuta mara arobaini polepole, akaiacha imekazwa juani mchana mzima, akaisokota tena kuirudisha urefu wake, akaivuta tena. Ilipoacha kubadilika ndipo alipofunga uzi mwekundu mahali mshale unapokaa. Kisha akapiga mafundo mwishoni: fundo moja ni ya Afande, mawili ya mtu wa Rukoki, na kuendelea hivyo. Kamba yoyote iliyoingia begini ilikuwa imekwishafanya kazi ya siku tatu kabla haijahitajika. Nilimwambia kwamba hata mimi sijafanya kazi kiasi hicho tangu nizaliwe.

"Wewe ulizaliwa ukiwa umekaa," akasema. "Mama yako aliteseka sana."

Siku nyingine nilimuuliza mafundo ni ya nini, si angeandika tu majina kwa kalamu. Akaniambia nifumbe macho, akaniwekea kamba mkononi.

"Ya nani?"

Nikapapasa. "Mafundo manne."

"Tano. Umekufa."

"Mzee, nimekufa kwa kamba?"

"Kwa baridi. Mvua inanyesha, vidole vimelala, unafunga kamba ya mutu mwingine kwenye upinde yako, haifanyi kazi, unaanza tena. Umekufa."

Jambo moja lilinipita wakati ule, nami nikajiona mwerevu kwa kulielewa vibaya. Watu walikuwa saba, lakini mafundo yaliishia sita. Kamba ya akiba ya Stoo mwenyewe haikuwemo. Nilidhani ni unyenyekevu. Nikamsifu hata mbele ya mke wangu, Mama Masika: unaona mtu huyo, anajisahau kwa ajili ya wenzake. Mama Masika akasema mbona mimi nakumbuka sana sehemu yangu ya mboga ya sombe.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo wenzake waliilalamikia lakini hawakuivunja. Kamba ya pili ya akiba ilikaa begini, ila ya kwanza ilibebwa na jirani yako. Hukuruhusiwa kubeba yako mwenyewe. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba mtu akiteleza mtoni anaondoka na upinde, mshale na akiba kwa pamoja. Mimi nadhani alikuwa na sababu nyingine. Safari moja Afande na yule mtu wa Rukoki walikosana kwa ajili ya mbwa, wakakaa siku mbili mlimani bila kusemezana, na kila mmoja ana kamba ya mwenzake mfukoni. Asubuhi ya siku ya tatu nguruwe wakatokea kwenye mihogo, Afande akavuta, kamba ikakatika. Stoo alikuwa nyuma kabisa na begi lake, na alipenda sana kunisimulia yaliyofuata.

"Afande anamuendea. Anasema, 'Nipe.' Huyu anasema, 'Nipe nini?' 'Kamba.' 'Ya nani?' 'Yangu.' 'Iko wapi?' 'Iko kwako!' 'Basi sema tafadhali, Afande.' Nguruwe wanakula tu pale. Wanakula na kusikiliza."

"Na Afande akasema tafadhali?"

"Alisema. Lakini alisema kama amri."

Nguruwe walikwenda zao, wale wawili wakacheka mpaka wakakaa chini. Stoo aliinama, akaendelea kusokota.

Sasa usije ukamchukua kwa mtakatifu, kwa maana alikuwa mtu wa kuudhi. Mke wangu aliwahi kumwomba sindano, sisi tulivunja yetu ya mkono, na begi lake lilikuwa hapo hapo mezani kwangu na sindano mbili ndani yake. Akakataa.

"Hiyo iko safarini," akasema.

"Mzee, leo Jumanne. Safari ni wiki ijayo."

"Yenyewe iko safarini tayari."

Nyumbani kwake, kwa upande mwingine, kila kitu kilikuwa kimoja. Mkewe alikuwa amefariki zamani, nami nilipokwenda kumpimia shati nilikuta sufuria moja, sahani moja, taa moja, kikombe kimoja. Akapika chai. Akanywa nusu, akasuuza, akanijazia mimi. Nikamuuliza inakuwaje mtu wa akiba anakosa kikombe cha pili. Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara.

"Duka ile pale. Kule juu kuna duka?"

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa na tangawizi nzuri.

Tena alikuwa Msabato. Mtu huyo, aliyepanda milima kwa ajili ya nguruwe nusu ya umri wake, hakuwahi kuweka kipande cha nyama yao mdomoni. Wenzake walipochoma, yeye alikula ugali wake wa muhogo na maharage upande upepo unakotoka, asisikie harufu. Nilimchokoza kwamba labda wale nguruwe wanajua, ndiyo maana wanamwendea karibu. Akaniambia kazi yake si kula nguruwe, kazi yake ni mihogo ya watu isiliwe.

Na alikuwa mkali kwa sheria kuliko aliyeziandika. Kuna mwaka nguruwe mkubwa alipigwa akakimbia na mshale, akaruka mawe ya mpaka na kuingia upande wa hifadhi. Damu ilionekana kwenye majani, hatua kumi tu ng'ambo. Afande akataka kufuata: nguruwe ni wetu, mshale ni wetu, nani atajua? Stoo hakubishana. Alivaa begi, akageuka.

"Mimi narudi," akasema. "Na kamba zenu zinarudi."

Wakarudi wote sita nyuma yake, wakimtukana njia nzima mpaka barabarani.

Mtu huyo huyo, aliyekataa kuruka jiwe, alilidanganya kundi lake miaka mitatu. Nami nilijua.

Nilijua kwa kazi yangu, kama ninavyojua kila kitu. Alikuja na begi akaniambia nihamishe mkanda, lining'inie bega la kushoto badala ya la kulia. Mkanda hauhamishwi bila kupima. Nikaweka utepe juu ya bega lake la kulia, nikagusa tu, nikasikia pumzi ikiingia ndani na haitoki.

"Mzee, unaumwa."

"Pima."

"Nimepima. Unaumwa."

"Fundi, wewe unashona ama unatibu?" Kisha akashusha sauti, na hakuwa mtu wa kushusha sauti. "Afande asijue. Ukisema, mimi nitakwenda kushonesha Kasese."

Tishio hilo liliniumiza kuliko alivyodhani, kwa sababu katika wateja wangu wote yeye peke yake ndiye aliyenisimulia alikotoka. Wengine huleta suruali tu.

Baada ya hapo niliona mengine. Kamba za wenzake hakuzivuta tena kwa mkono: alikuwa amepigilia kigingi ukutani, anautundika upinde, anaitia kamba kwenye kisigino cha kiatu na kuisukuma kwa mguu, mara arobaini, akihesabu kwa Lhukonzo, lugha ya kwao. Na upinde wake mwenyewe alikuwa anaukwangua. Kabla ya kila safari aliupunguza tumboni, upande wa ndani, kwa kipande cha chupa, vumbi jembamba la mti likamwagikia miguuni, upinde ukawa mwepesi, mwaka uliofuata mwepesi zaidi. Mgomba ni laini, na kichwa cha mshale wake alikinoa kama wembe, kwa hiyo Jumapili ya jaribio mshale ulifika, ukazama vidole viwili, kundi likapiga makofi, akapanda. Sasa nikaelewa kwa nini hakuwa na kamba ya akiba. Desturi yake mwenyewe ilitaka kamba yake ibebwe na jirani, na jirani yeyote angeifunga siku moja kwenye ule upinde, akavuta, akacheka, akajua.

Nililishika neno lake miaka mitatu. Naliandika hili ili unihesabie, maana linalofuata halinipendezi.

Siku moja aliacha begi na upinde kwangu, akaenda kutafuta nta upande wa Mpondwe. Mama Masika akapita akitoka jikoni, mtoto wetu wa mwisho mgongoni, mikono ina unga. Akaona upinde umeegemea ukuta. Akauinua. Akauvuta mpaka sikioni kama mtu anayejinyoosha.

"Baba Masika," akasema, "hii ni upinde ama ni kibanio ya nguo?"

Nilicheka mpaka nikajichoma kidole. Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini nina ugonjwa: kichekesho kikinifikia ulimini siwezi kukimeza. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, wawindaji wawili wakanianza kama kawaida yao. Fundi, lini utapanda? Fundi, tukutengenezee machela? Nikajibu kwamba siku ya kupanda atakwenda Mama Masika, mimi nitabaki na mtoto. "Yeye tayari ni mwindaji. Upinde wa Stoo anauvuta mpaka sikioni, na mtoto mgongoni."

Wakacheka vizuri sana. Nyuma yao kulikuwa na mtu ambaye hakucheka.

"Ulisema upinde ya nani?" Afande akauliza.

Nikasema natania. Ni kweli nilikuwa natania. Ila kilichosikika kilikwisha kusikika.

Jaribio lilikuwa mchana ule ule. Shamba la Afande linapakana na ua wangu, ndiyo sababu pekee iliyonifanya niwepo. Watu saba walisimama kwenye mstari, mgomba mbele yao. Afande akatoka mbele, mikono nyuma.

"Leo tunabadilishana pinde," akasema. "Kila mutu anachukua ya jirani wa kulia. Kule juu ikivunjika yako utatumia ya nani? Haya. Haraka."

Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kulia kwa Stoo. Upinde wake ulikuwa mzito kuliko yote saba.

Stoo aliupokea. Hakutazama mgomba. Alipitisha dole gumba kwenye kamba kutoka juu kwenda chini, akasimama katikati, akarudi nyuma kidogo.

"Hii inakatika Jumatano," akasema.

Akaweka begi chini, akatoa kamba yenye fundo moja bila kuangalia ndani, akaufungua upinde kwa goti, akaifunga, akaupima kwa ngumi, akampa Afande. Afande hakuupokea.

"Piga, Mzee."

"Kamba iko tayari."

"Sikuuliza kamba."

Hapo mimi kwenye ua wangu nikatamani cherehani inimeze. Stoo akatoa mshale kwenye podo. Akauinua upinde. Akavuta, nao ukaja mpaka nusu, mkono ukaanza kutetemeka, kwanza kiwiko, kisha mshale wenyewe, kichwa chake kikichora hewani. Angeweza kuuachia tu, uanguke popote. Hakuuachia. Aliurudisha polepole mpaka kamba ikatulia, akautoa mshale, akaurudisha podoni.

"Bega ilikufa," akasema. "Mwaka wa tatu huu."

Mtu wa Rukoki akasema aje tu na begi, nani anamtaka apige? Wawili wakaitikia. Afande alikuwa anatazama chini, na nilimwona kwamba angekubali, alikuwa anangoja tu mtu mmoja aongeze neno.

Stoo ndiye aliyeongeza.

"Hatua arobaini niliweka mimi," akasema. "Ninyi mulitaka ishirini. Nguruwe akinirudia mimi siwezi kuvuta, nani ataacha upinde wake anibebe? Hapana. Sheria ni sheria."

Akamkabidhi Afande begi. Akaanza kumwonyesha mfuko baada ya mfuko, nta, manyoya, vichwa, mafundo sita, nao wakajikusanya kumzunguka kama watu wanaosomewa wosia na mwenyewe bado mzima. Alipomaliza akaondoka kupitia uani kwangu, ndiyo njia ya mkato. Alinipita mita moja. Nikasema, "Mzee." Akasema, "Fundi." Basi.

Kundi liliondoka Jumatatu alfajiri. Mimi sikwenda kwake Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Nilijiambia nina suti ya harusi ya kumaliza. Bwana harusi mwenyewe alikuwa ameiahirisha harusi.

Alhamisi, saa nne hivi, akaja yeye. Mikono mitupu, akitembea upande mmoja kidogo kama mtu aliyezoea uzito ambao haupo tena. Akakaa kwenye stuli ya wateja. Cherehani yangu ilikuwa imesimama, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

"Mzee, ni mimi niliyesema."

"Najua."

"Ilikuwa mzaha tu."

"Najua. Wameniambia." Akaokota kifungo sakafuni. "Mutoto mugongoni," akasema. "Ilikuwa mzaha muzuri."

Lakini hakucheka, nami sikuthubutu. Wapita njia watatu wakatusalimia, tukaitikia wote wawili.

"Ungengoja safari hii moja," akasema.

Hilo ndilo alilonipa. Sijui kama lilikuwa msamaha. Nililichukua hivyo lilivyo.

Simu yangu ikalia. Yeye hakuwa na simu, na kule juu kuna tuta moja tu lenye mtandao, kwa hiyo nilipoona ni Afande nilijua amepanda makusudi.

"Fundi! Mzee iko karibu? Mupe simu."

Nikamnyooshea. Akaitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Mwambie stoo imefungwa."

"Afande, anasema stoo imefungwa."

"Mwambie mishale yangu yote inaruka juu! Tangu jana, mvua ililowesha kamba zote tukafunga za akiba. Nguruwe wamechimba shamba ya mujane mpaka mulangoni."

Nikalirudia hilo la mjane. Stoo alikuwa ametazama barabara. Nikaona shingo yake inageuka, taratibu, kinyume cha alivyotaka.

"Muulize, fundo iko juu ama chini?"

"Afande, fundo liko juu au chini?"

"Juu!"

"Nani alimwambia juu?" Stoo akasimama, akanipokonya simu kwa mkono wa kushoto. "Nani alikuambia juu? Umegeuza kamba! Uzi mwekundu umeshuka, mushale inakaa chini, inaruka. Fundo inakaa chini, karibu na muguu. Fungua. Hapana, goti kwanza. Goti! ... Wengine je? Angalia wote sita. ... Wote?" Akafumba macho. "Basi geuza wote."

Alisikiliza kidogo zaidi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hapana. Kosa yangu. Sikusema. Miaka yote nilikuwa nafunga mwenyewe."

Afande alijibu kitu ambacho sikukisikia, mtandao ukakatika. Stoo alibaki na simu sikioni mpaka kioo kikazima. Akanirudishia, akakaa. Alitazama upande wa milima, ambako mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Sasa hivi wanafungua," akasema. "Wakimaliza watashuka ule upande wa mto."

"Ndiyo, Mzee."

Tukakaa.

"Saa ngapi?"

"Saa tano."

"Tano tu?"

"Tano tu."

Akapangusa magoti, akatazama barabara upande huu, akaitazama upande ule.

"Fundi," akasema, "kutoka hapa mpaka jioni, wewe unafanya namna gani?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha na yote yalikuwa tayari. Safari hii niliyameza. Nilimweleza kama nilivyoweza. Kwamba saa sita jua linapanda kwenye kizingiti, kwa hiyo tunahamia kule kwenye kivuli cha paa la jirani. Saa saba ni ya kula, isiharakishwe. Saa nane kunakuwa kimya, ndiyo saa mbaya, hapo mtu achukue kazi ya mkono, hata kubandua vifungo. Saa kumi wanafunzi wanatoka na barabara inachangamka, na baada ya hapo jioni inakuja yenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama mtu anayeelekezwa njia ya mahali asipopajua.

"Na kesho?" akauliza.

"Kesho ni siku ya soko, Mzee. Watapita watu wengi sana."

Akafikiri.

"Basi nitakuja mapema," akasema.